Fimbo Mbili

Ofisini kwetu Kitere, nyuma ya kabati la vitabu,
zilikaa fimbo mbili.
Moja ya mpera, nyembamba, imeng'aa kwa kushikwa.
Ya pili ndefu, bapa, ilikuja na gari la halmashauri
pamoja na makopo ya vidonge,
imechorwa mistari myeusi, kila mstari na hesabu yake:
kimoja, kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu, vitatu.

Ya kwanza sikuhitaji kufundishwa.

Mfaume Chikoya, darasa la tano, safu ya dirishani,
alisinzia kabla ya kengele ya pili.
Nilimwita gogo. Darasa likacheka,
nami nikakipenda kicheko kile.
Saba mara nane, Mfaume?
Alinitazama kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.
Nikaenda nyuma ya kabati.

Hakulia. Nilidhani ni jeuri.
Sikujua kulia nako kunataka damu,
na yake ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo
ukutani, nyuma ya choo cha wavulana,
ambako walishindana nani mkojo wake mwekundu zaidi,
wakidhani ndiyo kukua.

Bonde lile linatulisha. Siwezi kulitukana.
Mchele wake ukiwa jikoni, nyumba ya tatu wanajua.
Watoto husimama humo, maji magotini, wakiamia ndege,
na konokono, wadogo kama punje za kunde,
wameshika majani, kimya,
wakifanya kazi yao.

Muuguzi Skolastika alifika Jumanne na sharti moja:
hakuna kidonge kwenye tumbo tupu.
Tukaazima masufuria ya harusi. Sukari ikachangwa.
Mama Nantutu akaleta karanga za kutwanga, nusu debe,
na wapo, Mungu awaweke, waliofuata uji tu.
Baba mmoja akamvuta bintiye kwenye mstari:
mnataka kuwaua uzazi!
Skolastika hakubishana. Akamsogezea kiti, akammiminia kikombe.
Akanywa. Akaondoka na bintiye.
Jina la mtoto liko daftarini, mbele yake kistari.

Mfaume akasimama kwenye fimbo bapa,
visigino chini, kidevu sawa.
Mwaka mzima nimempima kwa maswali kumi kumi,
sikuwahi kumpima kwa mti usiopiga.
Viwili, akasema Skolastika. Na nusu.
Aliomba maji mara tatu.
Vichungu, mwalimu.

Nisikudanganye, wewe usomaye:
kidonge hakijui saba mara nane.
Usiku ule tumbo lilimsokota, na kesho yake
alikuwa Mfaume yule yule.
Ila mwezi wa nane sauti ikatoka dirishani,
ikiuliza, tena kwa hasira,
kwa nini nane ukiigawa kwa nusu
inakuwa kumi na sita, mwalimu, kugawa gani huko?
Nilibaki na chaki hewani.
Miaka kumi na moja sijaulizwa hivyo.
Sikuwa na jibu zuri.

Machi alipata sita juu ya hamsini.
Novemba, ishirini na tisa.

Na Somoe Nangumbi, aliyemeza siku ile ile,
alibaki na saba yake.
Nikasema moyoni, basi huyu ndiye gogo la kweli,
hadi nilipomwona ananakili swali
kutoka daftari la jirani, pua ikigusa karatasi,
ubao hana habari nao.
Macho.
Gari la macho halijawahi kufika kwetu.
Nimemhamishia mbele. Naandika barua, ya tatu sasa.

Fimbo ya mpera ingalipo. Sitasema nimeivunja,
nitakuwa najipamba.
Juzi makelele yalinizidi, nikapeleka mkono nyuma ya kabati
bila kutazama, ukatoka na ile ndefu.
Nikasimama nayo mlangoni mwa darasa la sita,
kidole kwenye mstari wa viwili na nusu.
Wakanyamaza.
Mfaume, kwa kumkadiria tu kwa macho,
amekaribia vitatu.